Arogyavardhini Vati, dawa ya ini ya Wahindi yenye zebaki ndani: waliotumia na wanaoijua tukutane hapa

#1 MpwaWaPangani

Habari zenu wakuu.

Mjomba wangu ana kisukari, umri umevuka hamsini, mwili mkubwa. Mwaka huu alipigwa ultrasaundi akaambiwa ini lina mafuta. ALT, kile kipimo cha damu kinachoonyesha kama ini linaumia, ilisoma 96, na kwa kawaida inatakiwa iwe chini ya 40 hivi. Daktari akamwambia apunguze uzito, aache soda, arudi baada ya miezi mitatu. Dawa ya ini hakupewa, na hilo ndilo lililomkera: "Nimelipa hela yote ile halafu naambiwa nipunguze ugali?"

Rafiki yake alikuwa Ahmedabad, alimpeleka mkewe kutibiwa. Akarudi na makopo ya vidonge vinaitwa Arogyavardhini Vati. Vidogo, rangi ya kahawia iliyokolea, uchungu wake hausemeki. Mjomba amevimeza tangu Ramadhani ilipoisha. Anasema uchovu umeondoka, tumbo limeshuka, anakwenda choo vizuri.

Mimi nikasoma kopo, nikakuta "Shuddha Parada". Nikafuatilia: ni zebaki. Mjomba ananiambia Wahindi wameitumia miaka mamia na hawajaisha.

Sasa ninavyoona mimi, dawa ya ini haiwezi kuwa na zebaki ikabaki kuwa dawa. Ila kama ni sumu, mbona wanaoitumia wanasema wanapona? Nipeni majibu, siyo matusi kwa Wahindi wala kwa madaktari.

#2 Kidagaa_Mwozaji

Naweka kambi. Ini langu nalo limeandikwa "fatty" kwenye cheti.

#3 BintiNgara

Niko Nairobi. Mimi niliimeza kwa ajili ya chunusi, wala si ini. Daktari wa Kihindi pale mtaani alinipa hii pamoja na poda nyingine, akanikataza vyakula vya kukaanga, maziwa ya mtindi usiku, na pombe. Uso ulisafika kweli. Tumbo ndilo lilinitesa mwanzoni, nilikuwa nakimbia choo kila asubuhi. Sijui kama ni dawa au ni kuacha chipsi.

#4 MkemiaMstaafu

Tuanze na kilichomo, maana bila hapo tutabishana hewani. Orodha rasmi ya serikali ya India ya dawa za Ayurveda (tiba asili ya Kihindi) inaipa hivi: zebaki iliyosafishwa fungu 1, salfa fungu 1, majivu ya chuma 1, majivu ya shaba 1, majivu ya ulanga 1 (ulanga huuhuu Wajerumani waliouchimba milima ya Uluguru). Kisha yale matunda matatu ya triphala, mafungu 2 kila moja. Shilajit 3. Gundi ya guggul 4. Mzizi wa chitrak 4. Halafu mzizi mchungu wa kutki mafungu 22, sawasawa na vingine vyote ukivijumlisha. Vinasagwa kwa maji ya majani ya mwarobaini mpaka vishikane.

Jumla mafungu 44. Zebaki ni moja kati ya hayo, kama asilimia 2.3. Kwa hiyo kidonge cha miligramu 250 kina takribani miligramu 5.7 za zebaki. Kutwa mara mbili kwa wiki ni kama miligramu 80.

Kamati ya wataalamu wa FAO na WHO mwaka 2010 iliweka ukomo wa zebaki isiyo ya kikaboni: maikrogramu 4 kwa kila kilo ya mwili kwa wiki. Mtu wa kilo 70 anapata maikrogramu 280, yaani miligramu 0.28. Mjomba anapita ukomo huo zaidi ya mara 250.

#5 Kidagaa_Mwozaji

Mkemia umeshusha hesabu ya mtihani wa taifa saa nne usiku. Hata hivyo nimekuelewa.

#6 MswahiliPune

Nasoma tiba ya Ayurveda huku Pune, shahada ya BAMS, mwaka wa nne. Naomba niseme kwa adabu kwamba hesabu ya #4 ni sahihi kama hesabu, ila imelinganisha vitu viwili tofauti.

Zebaki ya kwenye kidonge hiki haiko kama ile ya kipimajoto. Kwanza inasafishwa, halafu inasagwa na salfa kwenye kinu cha jiwe saa nyingi mpaka unga mweusi usiong'aa hata chembe. Unaitwa kajjali. Kikemia ni salfaidi ya zebaki, na hiyo haiyeyuki kwenye maji, hata kwenye asidi ya tumbo huyeyuka kidogo mno. Ukomo ule wa 2010 ulitokana na panya waliopewa kloridi ya zebaki, ambayo inayeyuka na kuingia mwilini kirahisi. Huwezi kuchukua namba ya kloridi ukaipachika kwenye salfaidi.

Na BintiNgara hakukosea njia. Kitabu kinachotajwa kuwa asili ya dawa hii, Rasaratnasamuccaya cha karne ya 13 hivi, kinaiweka kwenye sura ya magonjwa ya ngozi. Ini na mafuta mwilini vimo pia kwenye sifa zake, ila ngozi ndiyo iliyoitangulia.

Nyongeza: viwanda vingine huhesabu triphala yote kuwa mafungu 2, siyo 2 kwa kila tunda. Hapo kutki inakuwa 18 na jumla 36.

#7 MkemiaMstaafu

@MswahiliPune kwenye 36 zebaki inapanda hadi asilimia 2.8. Unanisaidia mimi, mdogo wangu.

Hoja ya salfaidi naiheshimu. Lakini inasimama kama kinu kilisaga mpaka mwisho na hakuna zebaki huru iliyobaki. Mjomba wa watu kule Pangani anajuaje?

#8 NesiZamuUsiku

Mnagombana juu ya zebaki, na hakuna aliyeuliza kama mgonjwa amepona kweli. MpwaWaPangani, ALT imerudiwa? "Uchovu umeondoka" siyo kipimo.

Nawapa mfano. Wodini kwetu tunawapata watu wenye macho ya njano. Wengi wao, hasa vijana, ni homa ya ini A, ya maji na chakula kichafu. Hiyo inaondoka yenyewe ndani ya wiki kadhaa, hata ukinywa maji matupu. Homa ya ini B kwa mtu mzima mwenye kinga nzuri, zaidi ya tisa kati ya kumi mwili unaifukuza wenyewe. (Mtoto mchanga ni kinyume chake, karibu wote hubaki nayo, ndiyo maana chanjo haina mjadala.) Katika wiki hizo mgonjwa anakunywa mlonge, mwarobaini, kutki, maji ya baraka. Macho yakiwa meupe, dawa aliyokunywa mwisho ndiyo inapata sifa.

Kuhusu daktari kutompa mjomba dawa: hakumdharau. Dawa ya kwanza kabisa iliyoidhinishwa Marekani kwa ini lililoumia kwa mafuta ilipita Machi 2024, inaitwa resmetirom, nayo ni ya wale wenye makovu ya kiwango cha kati hadi kikubwa. Kwa wengine tiba ni uzito. Ukishusha asilimia 7 mpaka 10 ya uzito wako, mafuta na uvimbe wa ini hupungua sana, na kwa baadhi hata makovu hulegea.

#9 ShangaziMuscat

Salamu kutoka Muscat. Huku maduka ya Wahindi wa Kerala yamejaa, na dawa hizi zinajulikana. Mume wangu alitibiwa na daktari wao kwa ini la mafuta. Nataka mwelewe kuwa hawatoi kidonge peke yake. Waliandika ukurasa mzima wa miko: hakuna mafuta ya kukaangia, hakuna halua, hakuna nyama nyekundu, chakula cha jioni kabla ya magharibi, kutembea kila siku. Kwa mtu aliyezoea biriani ya Ijumaa na halua ya kila kikao, huo ni msiba. Lakini alishika, maana alikuwa ameshalipa. Uzito ulishuka na vipimo vikashuka.

Mimi naamini mwiko ndio uliotibu. Yeye anaapa kuwa ni kidonge. Hatujapatana mpaka leo.

#10 MswahiliPune

Shangazi, shikamoo. Kwa Ayurveda mwiko ni nusu ya dawa, hatuutenganishi. Ndiyo maana mtu akinunua kopo kwenye begi la rafiki bila vaidya (tabibu wa Ayurveda) kumuona, hapo hata sisi tunakataa.

#11 MzeeWaNansio

Nipo Ukerewe. Mnasema ini mafuta, ini pombe. Huku ziwani ini linaharibiwa na kichocho cha tumbo. Mayai ya mdudu yanakwama kwenye mishipa midogo ya ini, yanaacha makovu miaka na miaka, bandama linavimba, siku moja mtu anatapika damu. Nimezika wavuvi wawili namna hiyo. Wote walianza kwa kununua dawa za "kusafisha ini" minadani. Prazikwanteli ingewafaa zamani sana, kabla makovu hayajakomaa.

Sijui lolote la hiyo ya Wahindi. Nasema tu mtu ajue ini lake linaumwa nini kwanza.

#12 NesiZamuUsiku

Asante mzee. Na kwa kichocho ALT inaweza kusoma vizuri kabisa, ndiyo hatari yake.

#13 MkulimaKiteto

Kwenye orodha ya mzee ongezeni sumukuvu ya mahindi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafa 20. Kenya 2004, upande wa Makueni na Kitui, wagonjwa 317 na vifo 125. Macho njano, tumbo limejaa maji, na watu mwanzoni walidhani wamelogwa. Mahindi yaliyoanikwa chini yakanyeshewa, yanaliwa na nyumba nzima. Hakuna kidonge cha kusafisha hiyo.

Tukaushe mahindi juu ya turubai, unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5 kabla ya kufunga gunia. Samahanini kama nimetoka nje ya mada.

#14 Kidagaa_Mwozaji

Hujatoka mkuu, hiyo nimeinakili kwa ajili ya bi mkubwa kule kijijini.

Swali langu: hiyo shilajit kwenye orodha ya #4 ndiyo ile wanayouza kwa ajili ya nguvu za kiume?

#15 BintiNgara

Nilijua tu Kidagaa ataifikisha huko.

#16 MswahiliPune

Ndiyo hiyohiyo, utomvu mweusi unaotoka kwenye miamba ya Himalaya wakati wa joto. Kwenye Arogyavardhini imewekwa kwa ajili ya mafuta na sukari mwilini. Kidagaa, ukiitaka kwa lengo lako usinunue hii, kutki itakumaliza kwa choo.

#17 ChunyaDhahabu

Mimi ni mchimbaji. Zebaki tunaijua kwa mikono. Tunakamatia dhahabu, kisha tunachoma, moshi unaondoka na zebaki. Kuna wazee hapa mikono inatetemeka hawawezi kushika kikombe cha chai bila kumwaga. Serikali inatukataza, wanakuja kutufundisha vifaa vya kunasa moshi. Halafu mtu anaimeza kwa hiari yake? Hapana wakuu.

#18 MkemiaMstaafu

Ndugu Chunya, kwa haki ya mjadala: mvuke unaouvuta wewe unaingia kwenye mapafu na kupanda mpaka kwenye ubongo moja kwa moja. Salfaidi inayomezwa haina njia hiyo, na kiungo cha kuangalia zaidi hapo ni figo. Vaa barakoa yenye chujio la zebaki, tumia kinasa moshi, usichomee nyumbani penye watoto.

#19 DadaBoston

Nimesoma uzi wote. Niongeze data za huku. Mwaka 2004 watafiti walinunua dawa 70 za Ayurveda kwenye maduka ya Wahindi eneo la Boston. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Mwaka 2008 wakapima 193 zilizouzwa kwa intaneti: moja kati ya tano ilikutwa na metali hizo. Kundi la dawa za madini, ambalo Arogyavardhini imo, lilifika asilimia 40.6. Na msidhani za kutengenezwa Marekani zilikuwa na nafuu, zilikuwa sawa tu na za India.

Kinachoniogopesha ni risasi kuliko hata zebaki. Zebaki kwenye kidonge hiki imewekwa kwa makusudi na imeandikwa. Risasi haimo kwenye fomula kabisa. Ikikutwa, maana yake malighafi ilikuwa chafu.

#20 MswahiliPune

Hapo kwenye risasi sina ubishi, hiyo ni aibu ya viwanda.

Lakini nileteeni na upande wa pili. Mwaka 2012 watafiti wa AIIMS, New Delhi, hospitali kuu ya tiba ya kisasa siyo ya kwetu, waliwapa panya Arogyavardhini siku 28, mpaka mara kumi ya dozi ya binadamu. Hawakuona madhara ya maana kwenye ubongo, ini wala figo. Kundi hilohilo la watafiti likafuatilia wagonjwa 96 wenye lehemu iliyozidi: wiki tatu za unga wa mti wa arjuna, kisha wiki nne za Arogyavardhini miligramu 500 kutwa mara mbili. Lehemu mbaya na trigliseridi (mafuta mengine ya kwenye damu) zilishuka.

#21 NesiZamuUsiku

Je, kulikuwa na kundi la kulinganisha, waliopewa kidonge kitupu?

#22 MswahiliPune

Hapana. Ulikuwa utafiti wa awali.

#23 NesiZamuUsiku

Basi tumerudi kwa mume wa Shangazi Muscat. Mtu akijua anafuatiliwa anakula vizuri. Na siku 28 za panya hazinijibu kuhusu mjomba anayemeza mwezi hadi mwezi, mwenye kisukari juu yake.

#24 MtotoWaMwembetanga

Assalaam alaykum. Mimi ni mfanyabiashara wa dawa za miti hapa Unguja, nimerithi kwa babu. Nasema kinachofanya kazi ni kutki tu. Nusu nzima ya kidonge ni mzizi mchungu. Uchungu unafungua nyongo, nyongo ikitiririka choo kinafunguka, mtu anajisikia mwepesi. Sisi huku tunapata hilo kwa mwarobaini na shubiri bila madini yoyote. Guggul nayo ni ndugu wa manemane, mti wa jamii moja. Sasa kama dawa ni miti, madini ya nini?

#25 MswahiliPune

Shehe, waalaykum salaam. Walimu wetu wanasema madini yanaibeba dawa haraka na kwa dozi ndogo, na hayaozi. Kidonge cha miti mitupu hupoteza nguvu baada ya muda mfupi, cha madini hukaa miaka.

#26 MkemiaMstaafu

Kukaa kabatini bila kuoza siyo ushahidi kuwa kinatibu ini.

Na shehe, miti nayo tusiipe cheti cha usalama bure. Chitrak ni *Plumbago zeylanica*, unaota hata huku kwetu. Mzizi wake ukiusaga na kuupaka unababua ngozi malengelenge, na kina mama wa zamani wanajua ulivyotumika kuharibu mimba. Mjamzito asiguse dawa hii.

#27 DadaBoston

Naunga mkono #26. Mwaka 2022 mtandao wa Marekani unaofuatilia maini yaliyoumizwa na dawa uliripoti watu 10 walioumia kwa vidonge vya manjano, manjano hiihii ya pilau. Mmoja alifariki. Baadhi ya vidonge vilikuwa na pilipili manga ndani, ambayo inaongeza kiasi kinachoingia kwenye damu. Na Mumbai, wakati wa Korona, waliripoti maini kuumia kwa mmea wa giloy. Wizara ya tiba asili ya India ikapinga, ikasema huenda ulikuwa mmea mwingine unaofanana nao. Ubishi huo haujaisha.

#28 MpwaWaPangani

Asanteni sana nyote, nimejifunza mengi. Majibu ya maswali yenu:

ALT haijarudiwa. Anameza metformini ya kisukari na dawa ya presha pamoja na hivi vidonge. Kreatinini, kile kipimo cha figo, hakumbuki kupimwa. Uzito umeshuka kweli, suruali zinamvaa, lakini pia ameacha soda na amekuwa akiendesha tumbo mara kwa mara. Kopo moja lina maandishi ya tahadhari kwamba litumike chini ya uangalizi wa tabibu. Kopo la pili halina maandishi hayo, wala tarehe.

#29 MkemiaMstaafu

Hilo la pili aliweke pembeni leo. Sheria ya dawa ya India inataka dawa zenye vitu vya sumu vilivyoorodheshwa, zebaki ikiwemo, ziwe na tahadhari hiyo kwenye lebo. Kopo lisilokuwa nayo halikupita mlango wa mbele. Likipelekwa ofisi ya Mkemia Mkuu wa Serikali linaweza kupimwa metali, uliza gharama kwanza.

#30 NesiZamuUsiku

Apime vitu vitatu: ALT, kreatinini na mkojo kwa ajili ya protini. Mwenye kisukari na presha figo zake tayari ziko vitani. Akiharisha sana huku anameza metformini, maji yakimwishia, hatari inaongezeka. Amwambie daktari wake wazi anachomeza, asifiche. Wengi wanaficha kwa kuogopa kugombezwa.

#31 ShangaziMuscat

Na mkewe ashirikishwe. Mume wangu bila mimi kushika sufuria asingemaliza hata wiki.

#32 MpwaWaPangani

Nimetoka kuongea naye. Amekubali kupima, hilo la figo lilimshtua. Kopo lisilo na lebo amenipa. Lile lenye lebo amegoma kuliacha mpaka majibu yatoke, anasema ini likiacha kufanya kazi mimi ndiye nitakayelipia.

#33 Kidagaa_Mwozaji

Majibu yakitoka ulete hapa. Mimi na mjomba tuko mashua moja, ila nimeanza na soda.

#34 MtotoWaMwembetanga

Akipimwa ALT ikiwa imeshuka mtasema ni soda. Ikipanda mtasema ni zebaki. Kutki itapata haki yake wapi?

#35 NesiZamuUsiku

Aache kidonge, aendelee na mwiko, apime tena baada ya miezi mitatu. Hapo kila mmoja atapata haki yake.

#36 MswahiliPune

Nakubaliana na utaratibu huo, ingawa mtu mmoja hatoshi kuhukumu dawa ya karne nane.

#37 MkemiaMstaafu

@MswahiliPune ombi langu kwako ni moja. Tangu 2006 India inadai vipimo vya metali nzito kwa dawa za mimea mitupu zinazouzwa nje. Hizi za madini haziguswi na amri hiyo. Nitajie kiwanda kinachotoa cheti cha kila bechi kuonyesha zebaki yote ya kajjali imefungwa na salfa na hakuna iliyobaki huru.

#38 MswahiliPune

Nitauliza maabara ya chuo wiki hii, mzee wangu. Wanayo mashine ya eksirei ya kutambua fuwele, na mwalimu wetu wa rasashastra (somo la dawa za madini) huwa anapima kajjali ya wanafunzi. Nikiruhusiwa, nitapitisha na kidonge cha dukani.